Posho mili kuukuu isiyovuta: kutafuta kilicholika kati ya mota na nyundo

Dalili huwa zilezile, mashine iwe Luanda, Ahero au Njoro, hapa Kenya. Mota inavuma vizuri, mteja amemimina mahindi yake, na baada ya gorogoro (kopo la kupimia nafaka) mbili tatu kinu kinaanza kulegea. Harufu ya raba inapanda, unga unatoka kidogo kidogo tena ukiwa moto. Mwenye mashine anatuma mtu dukani alete mikanda mipya. Inafungwa, kazi inaenda wiki mbili, kisha mambo yanarudi yalikokuwa.

Mkanda ndio unaoonekana ukifa, kwa hiyo ndio unaolaumiwa. Mara nyingi umeuawa na kitu kingine: puli (gurudumu lenye mifereji ya mikanda) iliyolika, beringi iliyolegea, kii (kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti) inayocheza, au mota iliyokaa upande. Kununua mikanda kabla ya kukagua hivyo vinne ni kutupa pesa. Hatua zifuatazo ni za kinu cha nyundo kinachoendeshwa kwa mikanda ya V, kiwe cha umeme au cha dizeli.

Kabla ya kugusa kitu

Zima swichi kuu, toa fyuzi, uzitie mfukoni mwako mwenyewe. Kibao cha "usiwashe" hakitoshi mahali ambapo wateja wamepanga foleni na kijana wa mashine anataka kazi iishe. Kwa dizeli, funga mafuta, inua dekompresa (kishikio cha kutoa mgandamizo wa injini) na uondoe hendeli ya kuwashia. Kisha ngoja rota, ule mhimili unaobeba nyundo, isimame yenyewe. Rota ya nyundo ni nzito, inaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatika, na ubao unaosukumwa kwenye mkanda ili kuisimamisha unaweza kukurudia usoni. Leso na mikono mirefu ya shati vikae mbali.

Andaa rula ya chuma ya sentimita 30, uzi wa mwashi, chaki, tochi, kipande cha mbao imara cha nusu mita, na spana namba 17, 19 na 24, ambazo kwa kawaida ndizo za bolti za milimita 10, 12 na 16. Ukipata mizani ya ndoano, ile wanayopimia samaki kule Dunga, Kisumu, itakufaa sana mwishoni.

Hatua ya 1: Je, nguvu inapotelea njiani kweli?

Washa kinu kikiwa kitupu, kiache kifikie mwendo wake, kisha mimina mahindi makavu taratibu. Sikiliza mota, usisikilize kinu. Kinu kikizama huku mota ikibaki na sauti ileile, mikanda inateleza, na hatua zinazofuata zinakuhusu moja kwa moja.

Mota nayo ikizama, angalia kwingine kwanza. Mahindi mabichi huziba wavu wa kuchujia unga, na wavu ukiziba hata mikanda mipya kabisa itapiga kelele. Wavu wa milimita 1 uliochakaa upande mmoja na kuziba upande mwingine unadanganya watu wengi. Kwa mota ya umeme yenye stata ya sta-delta (swichi inayoianzisha mota kwa nguvu kidogo, "sta", kisha kuipa nguvu kamili, "delta"), hakikisha kwamba stata inavuka kwenda delta. Ikikwama kwenye sta, mota inabaki na theluthi moja tu ya nguvu yake ya kusukuma: itazunguka vizuri ikiwa tupu, halafu itasalimu amri mzigo ukiingia. Laini moja ikipotea kati ya tatu, mota huguna na hukataa kuanza, au ikiwa tayari inazunguka hupata moto haraka. Izime papo hapo.

Kwenye dizeli, kumbuka mwinuko. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru kama mita 1,850. Injini iliyonunuliwa kwa bei nzuri Kisumu na kupelekwa Nakuru inapungukiwa na kama asilimia 7 kabla hujagusa chochote, na hiyo si kosa la mkanda.

Hatua ya 2: Soma joto

Saga kwa mzigo dakika kumi na tano, zima, toa fyuzi, kisha gusa haraka kabla vyuma havijapoa. Anza na nyumba za beringi, halafu puli, halafu ubavu wa mkanda.

Puli ikiwa moto na beringi zikiwa vuguvugu, mkanda unateleza. Beringi ikiwa moto kuliko puli, tatizo limeanzia kwenye beringi. Vyote vikiwa moto, anza na beringi, kwa sababu joto lake husafiri kwenye shafti hadi kwenye puli. Kipimo cha kiganja ni hiki: ukishindwa kukishikilia kwa sekunde tatu, chuma kimefika takriban nyuzi 60 au zaidi. Kwa mkanda hilo ni jambo zito, maana kila nyuzi 10 zinazoongezeka ndani ya raba hupunguza maisha yake kwa karibu nusu.

Hatua ya 3: Ukague mkanda kama shahidi

Usiutupe hata kama umekwisha. Ugeuze ndani nje chini ya tochi, pande zote mbili na sehemu ya chini.

Pande zote mbili ziking'aa kama kioo na kuwa ngumu, mkanda umeteleza muda mrefu, ama kwa kulegea ama kwa kuzidiwa na mzigo. Upande mmoja tu ukiwa umechanika nyuzi, puli hazijanyooka. Nyufa za kukata upande wa ndani huletwa na joto na umri, au na puli ndogo mno inayoukunja mkanda kupita kiasi. Raba iliyovimba na kuwa laini imekunywa oili au dizeli, na kuipangusa hakuirudishi. Mkanda uliojipindua ndani ya mfereji wake huenda umekatika nyuzi za ndani, mara nyingi kwa sababu fundi aliupandisha kwa kuushindilia na chuma badala ya kulegeza mota.

Alama muhimu kuliko zote iko chini, kwenye ule upande mwembamba. Mkanda wa V hushika kwa mbavu zake, unajibana kama kabari, na sehemu ya chini haipaswi kugusa chochote. Ukiikuta imesuguliwa na kung'aa, mkanda unakaa sakafuni mwa mfereji na hauna tena cha kubana. Hapo ama mkanda umekonda, ama umefungwa mkanda wa saizi ndogo kwenye puli ya saizi kubwa, ama puli imelika.

Saizi ni rahisi kuthibitisha kwa rula. Mkanda wa saizi A una upana wa juu wa milimita 13 na kina cha 8, B ni 17 kwa 11, C ni 22 kwa 14. Namba inayofuata herufi ni urefu wa ndani kwa inchi, hivyo B75 ni mkanda wa B wa inchi 75. Maandishi yakiwa yamefutika, pima. Usimkabidhi muuza duka kazi ya kukisia.

Mikanda ikiwa mitatu au minne kwenye puli moja, chora mstari mmoja wa chaki ukivuka mikanda yote, kisha zungusha kinu kwa mkono mara ishirini hivi. Mstari ukikatika na mikanda kuachana, haitembei kwa mwendo mmoja: urefu wake unatofautiana, au mifereji ya puli imelika kwa viwango tofauti. Hii ndiyo sababu mikanda hubadilishwa yote kwa pamoja, ya kampuni moja. Ukichanganya mmoja mpya na mitatu mikuukuu, ile mikuukuu iliyorefuka inabaki ikining'inia na mpya unabeba kazi ya wote. Hautamaliza mwezi.

Kupaka lami, utomvu au kumwagia soda ili mkanda ushike ni dawa ya nusu saa. Baada ya hapo unga unaganda kwenye mifereji, na sasa una matatizo mawili.

Hatua ya 4: Puli

Hapa ndipo mashine kuukuu nyingi zinapofia, na ndipo watu wachache wanapoangalia, kwa kuwa puli ni chuma na mkanda ni raba, na haiingii akilini kwamba raba inaweza kula chuma. Inakula. Vumbi la unga likichanganyika na mchanga hufanya kazi ya msasa, na huku magharibi mwa Kenya mchanga ni mwingi: mihogo na mtama vinavyoletwa kusagwa Siaya na Busia mara nyingi vimeanikwa chini.

Safisha mfereji kwa brashi ya waya. Weka mkanda mpya, au kipande cha mkanda ambao hakika haujalika, ndani ya mfereji, kisha laza rula juu ya kingo za puli. Mgongo wa mkanda unatakiwa uwe sawa na kingo au uchomoze kidogo, milimita moja au mbili. Ukizama chini ya kingo, mfereji umepanuka. Rudia kwa kila mfereji wa puli ileile. Tofauti kati ya mfereji na mfereji ni mbaya kuliko yote kulika sawasawa.

Halafu weka ukingo ulionyooka wa rula ndani ya mfereji, ukiulaza kwenye ukuta wake mteremko, na tochi iwe nyuma. Ukuta mzima hauachi mwanga kupita. Uliolika umebonyea katikati kama kijiko, na mwanga unapenya. Bonyeo likipita milimita 0.8, puli imekwisha, hata kama kwa macho inang'aa na kupendeza. Kung'aa kwenyewe ndiyo dalili. Ukiona sakafu ya mfereji nayo inang'aa, huhitaji kupima zaidi.

Anza na puli ndogo, ya kwenye kinu. Inazunguka haraka zaidi na mkanda unaikumbatia sehemu ndogo, kwa hiyo hulika kabla ya kubwa. Puli ya aluminiamu hulika mapema kuliko ya chuma cha kutupwa (kilichomiminwa kalibuni). Kwa kinu kinachofanya kazi kila siku, chuma cha kutupwa ndicho cha kununua.

Je, unaweza kuipeleka lethi (mashine ya kuchonga vyuma) ikachongwe upya? Unaweza, kwa masharti. Mifereji yote ichongwe kina kimoja, kwa pembe sahihi, ambayo kwa puli ndogo ni nyuzi 34 na kwa kubwa hufika 38. Fundi asiye na kipimo cha pembe atakurudishia puli inayopendeza na isiyoshika. Pia fahamu kwamba ukichonga, kipenyo kinapungua na mwendo unabadilika. Mfano: mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika yenye puli ya milimita 250, ikiendesha puli ya 125, inakipa kinu mizunguko 2,880. Puli ya kinu ikichongwa hadi 115, kinu kinakwenda 3,130. Nyundo, pini na beringi zote zinalipia ongezeko hilo, na mota inabebeshwa mzigo zaidi. Usivuke mizunguko iliyoandikwa kwenye kibati cha kinu.

Mwisho, tazama kama puli inayumba. Funga msumari au waya kwenye fremu, ncha ikikaribia kingo ya puli, na uizungushe kwa mkono. Nafasi ikifunguka na kufungika, ama puli imefungwa mshazari, ama shafti imepinda. Puli iliyowahi kupasuka ikachomelewa huyumba karibu kila mara. Isitoshe, chuma cha kutupwa kilichochomelewa bila utaalamu kinaweza kupasuka tena kikiwa kwenye kasi. Hiyo usiirudishe.

Hatua ya 5: Kii na mkato wake

Legeza mota, toa mikanda yote. Shika rota isizunguke, kwa mbao iliyowekwa kwenye nyundo kupitia mlango wa wavu, kisha zungusha puli huku na huku kwa mikono miwili. Kusiwe na hata mlio mdogo wa "tak". Ukiusikia, kii imelika au mkato wake, yaani mfereji inamokaa, umepanuka. Alama ya pili ni vumbi jekundu kama kutu iliyosagwa, linalotoka pembeni mwa kii. Hiyo ni kutu ya vyuma viwili vinavyosuguana kidogo kidogo, na inaonekana kabla ya mlio kuanza.

Pima shafti ununue kii inayoifaa. Shafti ya zaidi ya milimita 30 hadi 38 hutumia kii ya upana 10 na kimo 8. Ya kutoka hapo hadi 44 ni 12 kwa 8, na hadi 50 ni 14 kwa 9. Kii inayocheza isisaidiwe na kipande cha wembe au cha kopo. Kitashika siku chache huku kikipanua mkato. Mkato ukiwa umeharibika, shafti ikakatwe mkato mpya upande wa pili, au ibadilishwe. Kuchomelea puli kwenye shafti ndilo suluhisho linalopendwa na mafundi wenye haraka. Joto linapinda shafti, na siku beringi ikifa huwezi kuitoa bila kukata kila kitu.

Hatua ya 6: Beringi

Mikanda ikiwa bado imetolewa, zungusha rota kwa mkono. Inatakiwa ikimbie kimya na kusimama taratibu. Mkwaruzo kama wa mchanga ni uchafu au mipira iliyochubuka. Ikisimama ghafla, kuna kinachobana. Weka ncha ya bisibisi ndefu kwenye nyumba ya beringi na mpini wake kwenye sikio, umwombe mwenzako azungushe. Utatofautisha mara moja beringi nzima na mbovu kwa kulinganisha pande mbili.

Kisha ingiza mbao chini ya shafti karibu na puli, uinyanyue. Ikipanda hata kidogo na kugonga, beringi inacheza, na mvutano wowote utakaoweka kwenye mikanda utapotea kinu kikianza kutetemeka. Ya upande wa puli hufa kwanza kwa sababu inabeba mvuto wa mikanda. Ikifa mara kwa mara huku ya upande wa pili ikiwa nzima, mikanda inakazwa kupita kiasi. Kagua na beringi ya mbele ya mota, maana inavutwa na mikanda hiyohiyo.

Vinu vingi hutumia beringi za nyumba ya kusimama aina ya UCP. Kuanzia 04 na kuendelea, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa 5 upate kipenyo cha shafti: UCP208 ni ya shafti ya milimita 40. Hesabu hiyohiyo inafaa kwa 6208 na 6308, zote za shafti ya 40, lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 80 na ya pili 90. Nenda dukani na namba, na beringi kuukuu mkononi.

Kwenye UCP angalia zile skrubu mbili ndogo zinazobana shafti. Zikilegea, shafti huzunguka ndani ya beringi na kujichora mistari, na hapo beringi mpya nayo itacheza. Kwenye beringi za kupachikwa, tazama kama gamba la nje limekuwa likizunguka ndani ya nyumba. Utaona nyumba imeng'aa ndani. Kupiga alama za pantchi ili libane ni kuahirisha tatizo. Nyumba ikapachikwe bushi (pete ya chuma ya ndani) kwa lethi.

Unapopandisha beringi kwenye shafti, gonga gamba la ndani tu, kwa bomba linaloligusa lote kwa mzunguko. Ukigonga la nje, nguvu inapita kwenye mipira na beringi inaharibika kabla haijafanya kazi ya siku moja.

Grisi iwe ya lithiamu namba 2, ijaze theluthi hadi nusu ya nafasi ya ndani. Kusukuma mpaka imwagike kila upande kunaipasha beringi moto, na grisi iliyomwagika inakusanya unga mpaka inakuwa ugali mweusi unaoingia ndani. Pangusa nipeli (kitundu cha kuingizia grisi) kabla ya kuweka bomba la grisi. Kinu kinachosaga mihogo kikaguliwe mara nyingi zaidi, kwani vumbi la muhogo ni jembamba na hupenya mahali ambapo la mahindi haliwezi.

Hatua ya 7: Nyundo

Nyundo si sehemu ya mwendo, lakini ndizo zinazoua sehemu za mwendo. Nyundo iliyolika pembe inapiga hafifu, mota inavuta zaidi, mikanda inateleza. Ina pembe nne, kwa hiyo igeuze kabla ya kuinunulia nyingine, na ugeuze seti nzima. Ikivunjika moja, usibadilishe hiyo peke yake. Badilisha pamoja na mwenzake wa mstari unaoikabili, na upime mistari hiyo miwili kwenye mizani ya duka: uzito uwe sawa, tofauti isizidi gramu chache. Kinu kinachotetemeka baada ya kubadilishiwa nyundo kizimwe, kisisubiri "kizoee". Mtetemo huo unakwenda moja kwa moja kwenye beringi.

Hatua ya 8: Kunyoosha na kukaza

Vilivyolika vikishabadilishwa, rudisha puli mahali pake. Vuta uzi wa mwashi kutoka ukingo wa mbali wa puli moja hadi ukingo wa mbali wa nyingine. Uzi uguse sehemu nne: kingo mbili za kila puli. Puli zikiwa na unene tofauti wa kingo, pima kutoka kwenye mfereji wa kwanza badala ya ukingo. Kinachovumilika ni nusu ya nyuzi moja ya pembe, yaani kama milimita 9 kwa kila mita kati ya puli. Fundi makini haachi zaidi ya 2 au 3.

Panda mikanda mota ikiwa imesogezwa karibu, uvute mota nyuma kwa bolti zake za reli, upande huu kidogo na upande ule kidogo, la sivyo itakaa mshazari tena. Sasa pima kukaza. Chukua urefu wa mkanda usioguswa na puli, tuseme ni mita moja. Ushike katikati kwa ndoano ya mizani na uvute kwa pembe mraba. Mkanda wa B unatakiwa ubonyee takriban milimita 16 kwa mvuto wa kilo 2 hadi 3. Urefu ukiwa nusu mita, iwe milimita 8. Pima kila mkanda. Rudisha wavu wa kinga juu ya puli kabla ya fyuzi kutoka mfukoni.

Mkanda mpya hurefuka sana mwanzoni. Kaza tena baada ya nusu saa ya kusaga, kisha kesho yake jioni, kisha baada ya wiki. Ukiona mota imefika mwisho wa reli zake ndani ya mwezi, ilhali mikanda ni ya saizi sahihi, usinunue mifupi zaidi. Rudi kwenye hatua ya 4 na rula yako, uanze na puli ndogo.